Ile ramani ya mvua ya 2050 iliyobandikwa ofisi ya kata: kabla hujauza shamba, pita hapa

Njiapanda Isyonje (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Mugonile, kamwene, na wakubwa wote shikamooni.

Juzi nilikwenda nyumbani Rungwe kufuatilia muhuri wa mtendaji kwenye karatasi za shamba. Mtendaji alikuwa kikaoni, nikakaa kwenye benchi nikisubiri. Ukutani, kati ya tangazo la chanjo ya ng'ombe na kalenda ya mwaka juzi, kuna ramani ya rangi imebandikwa kwa gundi. Kichwa chake: mabadiliko ya mvua ifikapo 2050. Iliachwa na mradi mmoja uliopita hapo, sitautaja. Kijiji chetu ni bluu. Kijiji cha ng'ambo ya kijito, ambako jogoo wao akiwika na sisi tunaamka, ni kahawia kama mkate uliosahaulika motoni.

Mzee niliyekaa naye akaninyooshea kidole: "Mwanangu, hawa wenzetu wameshaambiwa. Mmoja ameanza kutafuta mteja wa shamba lake la parachichi."

Sikumjibu palepale maana jibu ni refu. Ndiyo nimekuja nalo hapa. Ramani za aina ile nimewahi kuzipika mwenyewe nilipokuwa nasoma shahada ya pili, kwa hiyo jikoni kwake nakujua.

Mama wa ramani hizo ni modeli za tabianchi za dunia nzima. Modeli ni programu ya kompyuta. Dunia inakatwakatwa visanduku, kuanzia ardhini hadi juu angani, na ndani ya kila kisanduku kompyuta inakokotoa upepo, joto, unyevu na mgandamizo wa hewa kwa kanuni za fizikia, hatua kwa hatua, kwa miaka mia na zaidi. Kazi hiyo inafanywa na vituo vikubwa vya Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, Marekani, Japani na kwingineko, na matokeo yao yanakutanishwa kwenye mradi unaoitwa CMIP, ambao ripoti za IPCC, lile jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, zinautegemea sana. Balaa lipo kwenye ukubwa wa kisanduku. Modeli nyingi za hivyo, upande mmoja wa kisanduku ni kilometa 100 hadi 200.

Haya, chukua kisanduku cha kilometa 200 ukitue juu ya Mbeya. Ndani yake unaingia Mlima Rungwe wenye mita 2,960, unaingia uwanda wa juu wa Kitulo, linaingia bonde la Usangu lililoko mita elfu moja na kidogo, na inaingia ncha ya Ziwa Nyasa ambalo maji yake yako chini ya mita 500. Vyote hivyo vinakorogwa kama uji, inatoka namba moja ya mwinuko. Kwa modeli hiyo Rungwe haupo. Ziwa nalo ni jembamba, mara nyingi halipo.

Na sisi wa huku tunajua Tukuyu inanyeshewa na nini. Upepo wa kusini mashariki unapita ziwani, unabeba unyevu, unagonga mlima, unapanda, unapoa, unamwaga. Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Vuka milima ya Uporoto uteremke Igurusi, kama kilometa 50 hivi kwa mstari wa ndege, unakuta milimita 600 au 700. Sasa uondoe mlima uone unabaki na nini.

Hapo ndipo inapoingia modeli ya kikanda. Wenyewe wanaita daunskeilingi, mimi nasema kushusha. Unachukua eneo moja tu, tuseme Afrika Mashariki, unalikata visanduku vya kilometa 50, 25 au 10, unaweka milima yake na maziwa yake. Halafu kingo za eneo hilo unazilisha kutoka modeli ya dunia: kwa kawaida kila baada ya saa 6 inaambiwa upepo unaoingia una kasi gani, joto gani, unyevu kiasi gani. Ndani ya kingo inajipikia yenyewe. Wazo hili lilianza mwishoni mwa miaka ya 1980 kule NCAR, kituo cha utafiti wa anga cha Marekani, kwa akina Dickinson na Giorgi. Baadaye Filippo Giorgi akaenda nalo ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia mjini Trieste, Italia, na modeli yao ya RegCM hadi leo inatolewa bure. Mwaka 2009 ukaanza mpango wa CORDEX ili vituo mbalimbali vipike kwa vipimo vilevile na matokeo yalinganishwe. Afrika ndiyo iliyopewa kipaumbele cha kwanza, kwa kisanduku cha kilometa 50.

Kwa hiyo kushusha ni kazi halali na ina faida yake. Ninachokataa ni mtu kuchukua kisanduku cha kilometa 25, ambacho ni kilometa za mraba 625, halafu akapaka rangi kijiji kwa kijiji. Kile kijito kati yetu na majirani kina upana wa hatua nne.

Umeme umeanza kuchezacheza. Nitarudi na aibu zangu mwenyewe.

---

Tabasamu la Mwanjelwa

Nimeweka kambi. Chai ya tangawizi ipo, kachori zipo.

---

Mpunga Igurusi

Mkuu uzi mzuri. Ila redioni wanasema kesho mvua, mimi naanua mpunga, jua linawaka hadi jioni. Keshokutwa nimeanika, inashuka. Kama ya kesho inawashinda, ya 2050 wataiwezaje? Sina ugomvi, nauliza tu.

---

Njiapanda Isyonje

Mpunga, hilo swali kila mtu analo, wengine wanaona aibu kuliuliza.

Utabiri wa kesho unategemea hewa ilivyo leo. Ukikosea kidogo leo, kosa linakua, na baada ya wiki mbili hivi limemeza kila kitu. Modeli ya 2050 haijaribu kujua tarehe. Inauliza: jua likiwa hivi, bahari ikiwa na joto hivi, gesijoto zikiongezeka kiasi hiki, misimu ya mvua kwa wastani itakuwaje? Mimi sijui kama tarehe 10 Julai mwaka kesho Makete itaamka na sakitu, ile barafu ya alfajiri inayounguza mimea. Lakini nikisema Julai ya Makete itakuwa na baridi kuliko Novemba yake, utanibishia?

Ndiyo maana "ifikapo 2050" ni maneno ya kuchunga. Kwa kawaida maana yake ni wastani wa miaka 20 au 30 inayouzunguka mwaka huo. Mtu akikuambia Aprili ya 2050 itanyesha, muulize ana kadi ya mwaliko.

---

Chai Mufindi

Kamwene mleta uzi. Umekaa sana kwenye kilometa 50 na 25 kana kwamba dunia imesimama. Idara ya hali ya hewa ya Uingereza walishaendesha modeli ya Afrika nzima kwa kisanduku cha kilometa 4.5 hivi. Inaitwa CP4-Africa. Kwa kisanduku hicho Rungwe upo, na kama sikosei hata bonde la Kiwira linaanza kuonekana. Huku kwetu kwenye chai hatuangalii jumla ya mwaka. Tunaangalia kiangazi kimeanza lini na kimekaa wiki ngapi. Usiwakatishe watu tamaa.

---

Njiapanda Isyonje

Chai Mufindi, karibu, ulipopagusa ni patamu, ngoja nikae vizuri.

Wingu la radi lina upana wa kilometa chache. Kwenye kisanduku cha kilometa 50 wingu hilo halionekani, kwa hiyo modeli inatumia kanuni ya makadirio: ikiwa hewa ya chini ni ya joto na ina unyevu kiasi fulani, basi mwaga kiasi fulani. Wapo waliotunga kanuni hizo, ziko za akina Kain na Fritsch, ya Grell, ya Tiedtke, ya Emanuel, na ukibadilisha moja tu mvua yako inahama kama mchungaji. Kosa lake linafahamika: mvua inaanza mapema mno, mchana kweupe, na inanyesha kidogokidogo siku nyingi. Wewe na mimi tunajua mawingu ya Januari. Asubuhi anga safi, saa sita yanaanza kujikusanya juu ya mlima Loleza, saa kumi jioni watu wanakimbiza vitenge Sokomatola.

Ukifika kilometa 4 au 5 unaweza kuizima kanuni hiyo, mawingu makubwa yajijenge yenyewe. CP4 ilifanya hivyo, na saa za mvua zikakaribia ukweli zaidi. Kwa siku zijazo ikaonyesha jambo ambalo modeli pana hazilionyeshi kwa nguvu ileile: mvua nzito za muda mfupi zinaongezeka, na vile vipindi vikavu katikati ya msimu vinarefuka sehemu nyingi. Kwa mtu wa chai na mtu wa mahindi hiyo ni habari kubwa kuliko jumla ya mwaka.

Lakini tazama bei yake. Ukipunguza upande wa kisanduku nusu, visanduku vinakuwa mara nne, na hatua za muda nazo lazima ziwe nusu, kwa hiyo hesabu inakuwa mara nane. Ndiyo maana CP4 ina miaka 10 ya sasa na miaka 10 ya mwisho wa karne, basi. Modeli mama, yaani ile ya dunia inayolisha kingo, ni moja, na hali moja ya uzalishaji wa gesijoto, ile ya juu kabisa, RCP8.5. Miaka 10 ni michache kwa nchi ambayo El Niño moja inaweza kupindua msimu mzima. Una picha safi sana, lakini umepiga moja.

---

Fundi Seva Soweto

Hapo kwenye hesabu ndiyo nimeamka. Kazi kama hiyo mtu anaweza kuifanyia Mbeya, au mpaka Ulaya? Mashine gani inatosha?

---

Njiapanda Isyonje

Inawezekana, kwa subira. RegCM na WRF, modeli nyingine ya kushushia, zote ni bure, zimeandikwa kwa lugha ya Fortran, zinakaa kwenye Linux. Kwa WRF kuna kanuni ya vidole: sekunde 6 za hatua kwa kila kilometa ya kisanduku. Kisanduku cha kilometa 10 kinataka hatua ya sekunde 60. Miaka 30 ni dakika kama milioni 15.8, kwa hiyo ni hatua milioni 15.8, na kila hatua inapita kisanduku kwa kisanduku hadi juu angani. Diski zitajaa kabla hujachoka wewe.

Mimi niliendeshea chumbani, kompyuta moja ya mezani yenye prosesa za kutosha, feni imeelekezwa kwenye boksi lake kama mgonjwa wa homa. Ushauri wa bure: modeli iandike faili la kuanzia upya kila mwezi wa modeli. Mimi niliandika kila mwaka. Umeme ulikatika usiku mmoja nikiwa Novemba ya modeli, siku tisa za kazi zikarudi Januari.

---

Fundi Seva Soweto

Daah. Pole sana mkuu. Hiyo inauma kuliko kufiwa na kuku wa mayai.

---

Njiapanda Isyonje

Sasa zile aibu nilizoahidi.

Ya kwanza, kingo. Ili kuokoa muda nilichora eneo dogo. Kusini nikalikata pale Matema, nikaona Nyanda za Juu zimeingia zote, yatosha. Sasa kwenye ukanda wa kingo modeli ndogo inalazimishwa ifanane na mama yake. Mama anaamini pale ni tambarare. Mtoto anaona milima ya Livingstone inasimama ghafla kutoka ziwani. Upepo unaingia kwa amri ya mama, unakuta ukuta wa mtoto, hauna pa kwenda ila juu. Kyela yangu ikanyeshewa kila siku hadi Agosti. Wakuu, nilifurahi siku nzima. Nilidhani nimegundua jambo, nikaanza na kutunga kichwa cha makala.

Nikampelekea msimamizi wangu picha. Aliitazama kidogo akauliza swali moja: "Mbona mvua hii imenyooka kama rula?"

Ilikuwa imenyooka kweli. Mstari wa bluu kutoka magharibi hadi mashariki, sambamba na ukingo wangu. Ikabidi nisukume mpaka hadi ndani kabisa ya Msumbiji na mashariki uingie Bahari ya Hindi, mbali na milima, nianze upya.

Ya pili ni ya ziwa, na hii naona wengi hawajui hata wakiwa wameshachapisha. Modeli mama haina Ziwa Nyasa. Modeli yangu inalo, inahitaji kujua maji yake yana joto gani. Programu ya maandalizi, usipoiangalia, inatafuta maji yaliyo karibu kwa modeli mama, nayo ni Bahari ya Hindi. Yaani inachota joto la bahari, mamia ya kilometa mashariki, usawa wa sifuri, inalimimina kwenye ziwa lililoko juu mita zaidi ya 470. Ukishakosea joto la maji umekosea mvuke, ukikosea mvuke umekosea ngurumo za usiku za Kyela na Ipinda. Nilikuja kuona baada ya kuchora ramani ya joto la ziwa peke yake, ambayo hakuna aliyeniambia niichore. Dawa yake ni kutumia vipimo vya setilaiti vya joto la ziwa, au angalau wastani wa joto la hewa la eneo lenyewe.

Ramani zangu za mwanzo zilikuwa na rangi nzuri vilevile. Ukizitazama ukutani usingejua.

---

Kyela Kwetu

Mvua hadi Agosti unasema kosa la kompyuta? Njoo Kyela mwezi wa tano uone kama utapata pa kuegesha hiyo kompyuta. Ila umenichekesha, kwa "rula" nimemwaga chai.

---

Dada wa Takwimu

Kaka Njiapanda, nimesoma yote. Umeeleza vizuri lakini unaongea kana kwamba njia ya kushusha ni hiyo moja. Kuna ya takwimu, na ndiyo inayotumika zaidi kwenye miradi yenye haraka kwa sababu ni rahisi mno kwa gharama. Unachukua rekodi ndefu ya kituo, unatafuta uhusiano wake na hewa ya eneo pana, halafu unautumia uhusiano huo kwenye matokeo ya modeli ya dunia ya miaka ijayo. Udhaifu wake ni kwamba unaamini uhusiano wa jana utakaa vilevile kesho. Na bila rekodi ndefu huna kitu.

Sasa kuhusu ramani yako ya kata. Nadhani umemshtaki asiyehusika. Sioni dalili ya modeli ya kikanda hapo. Ninavyohisi ni modeli za dunia zilizosahihishwa kwa data za mvua zinazochanganya setilaiti na vituo, kama CHIRPS, ambayo kisanduku chake ni kilometa 5 hivi na inaanzia 1981. Ukifanya hivyo, ule udogo wa visanduku unatoka kwenye mvua ya jana. Habari ya kesho bado ni ya kisanduku cha kilometa 100 au zaidi. Imevalishwa tu nguo iliyoshonwa vizuri.

Na rangi. Umeangalia ufunguo? Mara nyingi sifuri ndiyo kikomo. Asilimia moja juu yake unapakwa bluu, asilimia moja chini yake unapakwa kahawia. Huyo jirani anaweza kuwa anauza shamba kwa tofauti ambayo hata kipimo cha mvua hakiioni.

---

Njiapanda Isyonje

Dada wa Takwimu, nakuvulia kofia. Nilipiga picha ile ramani kwa simu, nimeirudia sasa hivi nikaikuza. Kikomo ni sifuri kweli. Bluu hafifu na kahawia hafifu hazipo, rangi ni mbili tu. Na pembeni chini kwa maandishi ya sisimizi wameandika modeli za dunia, idadi hawakusema. Modeli ya kikanda nimeionea bure. Bandiko la kwanza siwezi kulibadilisha, lakini wanaosoma kutoka juu wafike hapa.

Nisimame kwenye moja tu: kosa la ramani ile si kwamba imeshushwa. Ni kwamba imechorwa kwa udogo ambao habari yake haina.

---

Maji ya Mtera

Nisogeze mjadala kidogo. Huku kwetu mwenye kuuliza siyo mkulima mmoja. Mto Ruaha Mkuu ndani ya hifadhi umekuwa ukikauka kila kiangazi tangu 1993, na sababu kubwa iko juu, maji yanavyochukuliwa Usangu kabla hayajapita kinamasi cha Ihefu. Chini ya hapo kuna mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu, na sasa Rufiji kuna bwawa la Nyerere la megawati 2,115. Wapangaji wanataka kujua maji yatakuwa mengi au machache.

Mradi wa UMFULA, uliokuwa chini ya mpango wa Future Climate for Africa, ulifanya kazi Tanzania na Malawi na ulilitazama bonde la Rufiji. Ukiweka modeli zote mezani, kwenye joto zinakubaliana: linapanda. Kwenye mvua nyingine zinasema itaongezeka, nyingine itapungua. Kuzishusha kwa modeli ya kikanda hakuwezi kumaliza ugomvi wa mama zao, maana upepo na unyevu unaoingia kingoni ndio huohuo. Mara nyingine modeli mbili za kikanda, kwa mama mmoja, nazo zinagombana.

Kwa hiyo mtu akikuletea namba moja, ameficha nyingine mfukoni. Sisi tunapanga kwa kuuliza: ikipungua tutafanyaje, na ikiongezeka tutafanyaje, halafu tunatafuta uamuzi usiotuumiza sana kotekote. Hata mvua isipobadilika, joto likipanda maji yanayopotea kwa mvuke bwawani na mashambani yanaongezeka.

---

Mama Viazi Makete

Wanangu, mimi hayo ya kilometa yamenipita. Naomba mnijibu moja. Sakitu itapungua? Mwaka jana nimeamka saa kumi na mbili, nikashika jani la kiazi likakatika kama kioo. Saa nne jua limepanda, shamba lote la bondeni jeusi, kama limemwagiwa maji ya moto. La juu kilimani, hatua mia tatu tu, zima kabisa. Mume wangu akasema Mungu wa bondeni amelala.

---

Njiapanda Isyonje

Shikamoo mama. Pole sana.

Kwenye joto, modeli ya kikanda ina faida ya wazi. Kwa wastani hewa inapoa kama nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Modeli ya dunia ikiishusha Kitulo mita 1,000, inaipa joto la nyuzi sita ambazo hazipo, na sakitu haitaijua kabisa. Ya kikanda inapunguza sana kosa hilo.

Joto la usiku linapanda, na modeli zinakubaliana, kwa hiyo kwa wastani usiku wa sakitu unatarajiwa kupungua. Lakini ulichokiona wewe asubuhi ile hakuna modeli hata moja kati ya hizi inayokiona. Usiku mtulivu usio na mawingu, hewa baridi ni nzito, inatiririka kutoka kilimani kama maji na kutuama bondeni. Hatua mia tatu ni ndogo kuliko kisanduku cha yeyote. Bonde lako linaweza kuendelea kuungua miaka ambayo ramani imeandika salama. Na joto likipanda ugonjwa wa bakajani nao una maneno yake, sitaki nikudanganye kwamba ni nafuu tupu. Viazi vya bondeni vicheleweshe, mama, hilo unalijua kuliko mimi.

---

Mama Viazi Makete

Marahaba mwanangu. Umenijibu.

---

Mwalimu Mstaafu Kilolo

Kuna utafiti uliochapishwa 2010 na Chang'a, Yanda na Ngana kuhusu utabiri wa jadi wa mvua huku kwetu Nyanda za Juu Kusini magharibi. Waliwasikiliza wazee: miti ya mihemi inavyochanua mapema kabla ya msimu, ndege, wadudu. Chang'a ni huyohuyo Dk. Ladislaus Chang'a wa TMA, mamlaka yetu ya hali ya hewa, ambaye 2023 alichaguliwa kuwa mmoja wa makamu wenyeviti wa IPCC. Nawaambia vijana wanaodhani lazima uchague kati ya mhemi na kompyuta.

---

Mpunga Igurusi

Sasa mimi wa Igurusi, mradi ukija kesho na ramani yake kwenye skimu yetu, niwaulize nini? Kwa maneno mafupi, mtendaji akiwa amekasirika.

---

Njiapanda Isyonje

Waulize wametumia modeli mama ngapi, na kama ni moja, kwa nini hiyo. Waulize kisanduku halisi ni kilometa ngapi, kabla ya kusahihishwa kwa setilaiti. Halafu lile ambalo wengi hawalipendi: mkiipa modeli yenu hewa ya miaka iliyopita, inatoa mvua ya Igurusi au inatoa ya Tukuyu? CORDEX walianza hivyohivyo, walizilisha modeli zote hali halisi ya 1989 hadi 2008 wakaona ipi inajua jana. Na kwa Tanzania waliolinganisha na vituo vya TMA waliona wastani wa kundi la modeli unafanya vizuri kuliko modeli mojamoja.

Wakisema wamelinganisha, waulize na kituo gani. Hapo ndipo kimya kinapoingia. Kati ya Uporoto na ziwa vituo vyenye rekodi ndefu isiyo na mapengo ni vya kutafuta kwa tochi. Mimi milima yangu yote ya kompyuta niliipima kwa vituo vichache sana.

---

Mjukuu wa Mpimaji

Habari zenu. Mimi ni msomaji tu, sichangiagi. Babu yangu alikuwa msimamizi kwenye shamba la chai Rungwe. Kila siku saa tatu asubuhi alipima mvua, hata alipostaafu aliendelea kwa kipimo chake nyumbani. Madaftari yapo kwenye sanduku la bati, naona la zamani limeandikwa 1974. Mengine panya wamekula pembe. Kuna ukurasa ameandika "kipimo kimejaa, kimemwagika". Yana faida yoyote, au nimwachie awashie moto?

---

Njiapanda Isyonje

NDUGU YANGU USIWASHE MOTO.

Samahani kwa herufi kubwa. Hiyo saa tatu asubuhi ni dhahabu, ndiyo saa ya vituo rasmi pia. Siku ya modeli kwa kawaida inaanza saa sita usiku ya Greenwich, ambayo kwetu ni saa tisa usiku, kwa hiyo watu wanalinganisha siku mbili tofauti bila kujua. Babu yako akiwa ameandika saa, nusu ya kazi imeisha.

Nina maswali. Siku zisizo na mvua ameandika nini? Nikikuta pengo, nijuaje ni ukavu au hakupima?

---

Dada wa Takwimu

Na mimi nataka kuona. Naweza kuja na mashine ya kuchanganua kurasa. Msizifungue kwa nguvu, gundi ya zamani inavunjika.

---

Mjukuu wa Mpimaji

Nimemuuliza sasa hivi, yuko hapa anakula. Anasema sifuri ni siku ambayo haikunyesha. Kistari ni siku aliyokwenda msibani.

---

Njiapanda Isyonje

Mwambie shikamoo. Jumamosi tunapanda gari la kwanza la Tukuyu.